Mzee Matuta na Siti ya Nyuma

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha magari ambayo si yake, mjaribu magari wa jarida letu atarudisha kitambulisho chake mapokezi na kwenda nyumbani. Tarehe hiyo ameiuliza mara kadhaa kwa ofisa utumishi, na mara zote amejibiwa kwamba ni sahihi. Jumatatu iliyopita aliiuliza tena.

Humu ndani tunamwita Mzee Matuta, na jina hilo alilipata kabla hajawa mzee. Aliingia kazini akiwa dereva wa gari la kusambaza majarida. Ikatokea mjaribu wa wakati ule akavunjika mkono akicheza mpira na wanawe, na mhariri wa wakati ule, ambaye hakuwa na leseni, akamwomba dereva aliendeshe gari lililokuwa likisubiri uani kisha aje amsimulie. Alisimulia kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mhariri aliandika alichosikia, akarekebisha koma mbili tatu, akakichapisha. Humo mlikuwa na sentensi kwamba gari lile "linaingia kona kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku anatembea." Walioleta gari walilalamika. Wasomaji waliomba zaidi. Mkono wa yule mjaribu ulipopona, alikuta kiti chake kina mtu.

Tangu hapo kila gari dogo lililopita kwenye kurasa zetu limepita kwanza kwenye mzunguko wake. Mzunguko huo haujawahi kubadilika: unatoka geti la nyuma la ofisi, unapita barabara ya shule yenye matuta, unazunguka kona ndefu ya tangi la maji, unaingia kwenye lami iliyochakaa karibu na kiwanda cha mbao, kisha unapanda mlima na kurudi. Kwenye kona anasikiliza usukani. Kwenye mlima anasikiliza injini. Kwenye matuta anasikiliza watu. Majarida mengine hupeleka magari kwenye barabara kuu na kuyakimbiza; yeye huyapeleka shuleni na kuyatembeza, kwa sababu, kama anavyopenda kusema, mwenye gari dogo haendi kwenye mashindano, anaenda kumchukua mtoto.

Ni mtu wa wasiwasi. Hilo halina haja ya kufichwa kwenye siku yake, maana hata yeye halifichi. Huegesha, akafunga mlango, akaondoka, akarudi kuangalia breki ya mkono. Akishakabidhi makala, hupiga simu kutoka nyumbani kuuliza kama aliandika "usukani mzito" au "usukani mzito kiasi", na ukimsomea alichoandika, huomba usome tena. Kuna siku msanifu kurasa alimwambia, "Mzee, ni gari tu." Alijibiwa taratibu kwamba kuna mtu mahali fulani amevaa viatu vilevile miaka minne ili alinunue, na ataamua kwa kusoma mstari huo mmoja. Msanifu kurasa hakusema tena kwamba ni gari tu.

Sasa tufike kwa mtu ambaye wasomaji wetu wengi wamekuwa wakidhani tulimbuni.

Mwanzoni Mzee Matuta alijaribu magari peke yake. Jumamosi moja alikuwa na gari la majaribio nyumbani, na mama mkwe wake akawa na miadi ya kliniki. Mkewe alikuwa zamu hospitalini. Hapakuwa na njia nyingine. Alimfungulia mama mkwe mlango wa nyuma, akakaa mbele akiwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akaendesha hivyo hadi mwisho wa safari bila kugeuza shingo. Walipofika, kwa kukosa la kusema, aliuliza kama gari lilikuwa zuri.

"Zuri kwa wa mbele," alisema mama mkwe, na kushuka.

Aliyatafakari maneno hayo wiki nzima. Kisha akamwomba mkewe amuulize mama yake, kwa heshima zote, kama angekubali kupanda tena. Mama alikubali kwa sharti kwamba mkwe wake aache kuendesha kana kwamba amebeba mayai ya jirani. Ndivyo lilivyozaliwa lile kasha dogo chini ya kila makala yetu, Neno la Siti ya Nyuma, ambalo tafiti za wasomaji zinaonyesha husomwa kabla ya makala yenyewe. Humo ndimo gari moja la kifahari lilipoambiwa kwamba "lina adabu barabarani, halina adabu kwenye tuta." Humo ndimo mlango mmoja ulipoelezwa kuwa "umetengenezwa na mtu asiye na magoti." Barua zilikuja zikiuliza ni nani anayeandika vichekesho hivyo. Hakuna aliyekuwa akiandika vichekesho. Mama wa watu alikuwa akieleza nyonga yake.

Mwezi uliopita nyonga hiyo ilivunjika. Aliteleza bafuni, akapelekwa hospitali, na ikaamuliwa afanyiwe upasuaji. Daktari alieleza kwamba akitoka atahitaji kurudi kwa mazoezi mara tatu kwa wiki, na kwamba kwa muda huo asirushwerushwe. Shemeji yake Mzee Matuta, mwalimu, ndiye anayeishi na mama huyo, na alikuwa na pikapu kuukuu ambayo hata mizigo huionea huruma. Akaamua kununua gari dogo. Alimpigia Mzee Matuta simu, na kwa bahati mbaya huyu alikuwa mezani kwake ofisini, tukasikia upande mmoja wa mazungumzo na kusimuliwa wa pili.

"Shem, mwezi huu si unalinganisha yale matatu madogo?"

"Ndiyo, shem."

"Basi nanunua utakayoiandika ya kwanza. Mimi sina muda wa kuzunguka maduka."

Mzee Matuta alikata simu na kubaki ameishika. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwandikia mtu asiyemjua na kumwogopa. Sasa mtu huyo alikuwa na sura, alikuwa na nyonga, na alikuwa mama mkwe wake. Na huo ulikuwa ulinganisho wake wa mwisho.

Magari yenyewe yaliletwa uani siku hiyohiyo, moja jeupe, moja jekundu, moja la kijivu. Jeupe lilikuwa jipya kuliko yote kwa umbo, lina viti vinene na kioo kikubwa cha kugusa katikati. Jekundu lilikuwa fupi na la chini, gari la mtu anayependa kuendesha. La kijivu halikuwa na la kujivunia ukiliangalia; plastiki yake ilikuwa ngumu na redio yake ndogo, lakini spea zake ziko kila duka na fundi yeyote analifungua bila kukuna kichwa. Bei zao za kununulia zilikaribiana. Tofauti ingekuja baadaye, kwenye mafuta, kwenye spea, na kwenye migongo ya watu.

Asubuhi ya majaribio iliangukia siku ya upasuaji. Kila anayefanya kazi hapa anajua Mzee Matuta huanzaje: anaweka kikombe cha chai juu ya ukuta wa ua, anachukua kipima upepo, anazunguka tairi moja moja, na chai ikiwa imepoa kiasi cha kunyweka, kazi imekwisha. Magari mapya huja yakiwa yamejazwa upepo kupita kiasi, kwa sababu yamesafiri na kusimama muda mrefu na tairi laini huharibika umbo ikikaa sehemu moja. Wauzaji wanatakiwa kuupunguza. Wengine husahau. Kwa hiyo yeye hupima, kila mara, kabla ya jambo lolote.

Asubuhi hiyo alikuwa na kipima upepo mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mkewe alikuwa akimweleza kutoka wodini kwamba mama ameshachukuliwa. Alizunguka magari yote matatu. Chai ilipoa. Akaingia kwenye gari la kwanza, akaondoka.

Siti ya nyuma ilikaliwa na msomaji prufu wetu, mtu mpana na mwema, ambaye huona makosa yote kwenye karatasi na hakuna hata moja duniani. Alipoulizwa baada ya mizunguko mitatu, alisema, "Zote ziko poa, mzee." Basi Mzee Matuta alitegemea mgongo wake mwenyewe. Jeupe lilipita matutani laini kuliko yote, ingawa kwenye kona ya tangi lililalia upande mmoja na kuukokota mkia. Jekundu lilikata kona vizuri mno na kugonga kila tuta kama linalidai. La kijivu lilirukaruka njia nzima mithili ya mbuzi aliyefungwa. Aliandika hivyo. Jeupe la kwanza, jekundu la pili, la kijivu la mwisho. Upasuaji nao ulikwenda salama. Jioni alimwambia shemeji yake, "Nyeupe." Jalada likapelekwa kiwandani kuchapishwa likiwa na picha ya gari jeupe na neno MSHINDI.

Hapo ndipo alipopaswa kupumzika. Badala yake alianza kushuka uani. Alikuwa akishuka, anasimama mbele ya la kijivu, anarudi juu. Alimwomba msanifu kurasa amsomee sehemu ya kona ya tangi. Alisomewa. Akaomba asomewe tena. Kilichomsumbua, alisema, ni kwamba mama mkwe wake alishawahi kupanda la kijivu la toleo lililotangulia, lenye springi hizohizo na shokomzoba hizohizo, na alilala usingizi hadi mlimani. Gari haligeuki mbuzi kwa kubadilishiwa rangi.

"Ni wasiwasi wako wa siku zote," msanifu kurasa alimwambia.

"Inawezekana," alisema, akashuka tena.

Safari hiyo, akilipita la kijivu, aliipiga teke tairi ya mbele, jinsi watu wanavyopiga tairi za magari wasiyokusudia kununua. Mguu ulirudi kana kwamba umepiga ngoma. Alisimama. Akaenda kwenye jeupe, akapiga tairi za mbele, akapiga ya nyuma kulia, akapiga ya nyuma kushoto, na hiyo ya mwisho ikabonyea. Kipima upepo kilikuwa bado kwenye siti alipokitupa siku ya upasuaji. Tairi zote nne za la kijivu zilikuwa bado na upepo wa melini, uliopita kiasi. Jekundu lilikuwa sawa, muuzaji wake alikuwa amekumbuka. Tairi ya nyuma ya jeupe ilikuwa na msumari, na upepo wake ulikuwa ukitoka polepole tangu nani ajuaye lini. Ule ulaini alioupa nafasi ya kwanza ulikuwa pancha.

Alipanda ngazi hadi kwa mhariri mkuu. Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwa karibu walisikia.

"Ukurasa wangu usiende," alisema.

Mhariri mkuu hakuinua kichwa. "Unaniambia umekosea, au unaniambia una wasiwasi? Maana wewe una wasiwasi hata na breki ya mkono ya gari lililo juu ya mawe."

"Nimekosea. Sikupima upepo."

Hapo aliinua kichwa. Alipiga simu kiwandani mbele yake. Jalada lilikuwa limeshachapishwa lote. Kurasa za ndani zilikuwa zinasubiri foleni, na fundi mitambo alisema anaweza kuzishikilia hadi alasiri, si zaidi, kwa sababu kuna kazi ya mtu mwingine nyuma yake. Mhariri mkuu aliweka simu chini na kuchukua mkoba wake. "Nani anakaa nyuma?"

Akaambiwa msomaji prufu.

"Yule aache. Nitakaa mwenyewe. Mgongo wangu umekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na miwili, utasema kweli."

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine. Mama alikuwa ameambiwa atatoka hospitali kesho yake, na shemeji alikuwa amepanga kupita kwa muuzaji akitoka kufundisha, asaini, aondoke na jeupe. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa darasani. Mzee Matuta alimpigia mkewe, akamwomba aende akasimame kwenye geti la shule na asiondoke hapo hata akiambiwa shule inaungua. Kisha walivuta msumari, wakaziba, wakajaza, wakapunguza, akapima tairi zote mara mbili, mara ya pili kwa kipima kingine alichoazima kwa walinzi. Ofisi nzima ilikuwa dirishani. Hakuna aliyekuwa akifanya kazi, na hakuna aliyesema mtu arudi mezani.

Mhariri mkuu amekubali tuandike alichosema njiani. Kwenye jekundu, baada ya tuta la pili, alisema, "Hii nipe mimi niendeshe, lakini usinipakie." Kwenye jeupe, ambalo sasa lilikuwa limesimama sawasawa kwenye kona ya tangi lakini likibamiza nyuma kwenye kila tuta, alisema neno ambalo halichapishwi. Kwenye la kijivu alikuwa akizungumza na fundi mitambo kwenye simu, akimwomba dakika chache zaidi, na aliendelea kuzungumza hadi waliporudi getini. Ndipo alipogundua kwamba sauti yake haikukatika hata mara moja.

Makala mpya iliandikwa kwa kusimama. Inasema kwamba anayeendesha peke yake na kuipenda kona anunue jekundu. Anayependa viti vinene na kioo kikubwa, na asiyebeba mtu nyuma, atafurahia jeupe. Anayebeba watu, na anayetaka gari ambalo fundi wa mtaani atalitengeneza bila kuagiza kitu mbali, anunue la kijivu, alivumilie kwa sura yake. Chini, kwenye kasha la Neno la Siti ya Nyuma, aliandika mwenyewe, bila kuombwa, kwamba majaribio ya kwanza yalikuwa batili kwa sababu mjaribu hakupima upepo. Msomaji prufu aliomba "mjaribu hakupima upepo" iwe "ilitokea kwamba upepo haukupimwa". Alikataliwa.

Ukurasa ulifika kiwandani fundi mitambo akiwa ameshaweka mkono kwenye swichi. Kuhusu jalada, mhariri mkuu aliagiza lebo za duara zenye maneno "Soma Ndani Kwanza", na sote tukaenda kiwandani kuzibandika juu ya neno MSHINDI kwa mikono. Wenye toleo hilo wataona kwamba nyingine zimepinda. Zilizonyooka kabisa alizibandika yeye.

Na getini mwa shule, mkewe alimpata mdogo wake akiwa ameshafungua mlango wa pikapu. Shemeji aliwasha simu na kupiga.

"Shem, juzi nyeupe. Leo kijivu. Kesho utaniambia baiskeli?"

"Kijivu, shem. Nimeipima."

"Na ile nyingine hukuipima?"

Alimweleza ukweli. Shemeji akasema atanunua la kijivu, lakini mama atapelekwa nyumbani na yeye Mzee Matuta mwenyewe, ili akipiga kelele njiani, ajue nani wa kumjibu.

Safari hiyo ilifanyika kesho yake, na tunaieleza kama mkewe alivyoisimulia, kwa kuwa mume hasimulii. Mama alikaa nyuma, mto upande mmoja, binti yake upande wa pili. Toka hospitali hadi nyumbani kwa mama njia ni moja, na inapita barabara ya shule. Mzee Matuta alikuwa amepima upepo alfajiri, akapima tena kwenye maegesho ya hospitali, wauguzi wakimwangalia. Walipolikaribia tuta la kwanza alishika usukani kwa mikono yote miwili na kuacha kupumua. Likapita. Macho yalikuwa kwenye kioo kuliko barabarani. Mama alikuwa amefumba macho, uso hauna habari yoyote. Likapita la pili, na la tatu, na yale mawili yaliyokaribiana mbele ya geti ambayo yameshamaliza bampa nyingi. Aliogopa kuuliza, na aliogopa kutouliza. Matuta yakaisha. Wakazunguka kona ya tangi. Wakafika kwenye kiwanda cha mbao, na hapo mama akafumbua macho.

"Mkwe," alisema, "matuta bado?"

Mzee Matuta aliegesha pembeni. Alishuka, akaenda mbele ya gari, akaipiga teke tairi moja, si kwa nguvu, akarudi ndani, akafunga mkanda, akaendelea na safari. Mkewe anasema alikuwa akipumua kama watu wengine.

Kuanzia mwezi ujao mzunguko utaendeshwa na mwandishi wetu wa safu ya pikipiki, ambaye ameshakabidhiwa kipima upepo pamoja na maelezo ya mdomo yaliyochukua mchana mzima. Anasema ameanza kurudi kuangalia breki ya mkono. Tumeichukulia kuwa dalili njema.

Asante, Mzee Matuta, kwa kila kona uliyoisikiliza kwa niaba ya watu usiowajua, na kwa ukurasa ule mmoja uliourudisha wakati kuunyamazia kungekuwa rahisi. Familia imetutumia habari kwamba mama, akishapona, anakusudia kukaa siti ya mbele, maana amechoka kusikia sifa za siti hiyo. Hivyo basi tunakutakia njia nyororo, upepo sahihi kwenye tairi zote nne, na siti ya nyuma uikalie wewe sasa, ulale, usisikilize chochote.